Jina Lililo Juu ya Kichwa cha Nasra

Jumanne, 15 Julai 2025

Tumeanza kurekodi! Saa tisa na nusu, baada ya vipindi, maabara ya kompyuta. Kompyuta zinazowaka ni tatu kati ya kumi na mbili, na kwenye kibodi moja herufi A haiingii mpaka uipige kama unaua mbu. Lakini tumeanza.

Niandike utaratibu wote nisije nikausahau. Hatuchori katuni, maana hatuna mchoraji. Tunaingia ndani ya mchezo wa kompyuta – ule wa maboksi, wa kujenga nyumba na milima kwa tofali moja moja – watatu kwa pamoja, na midoli ya humo ndiyo waigizaji wetu. Mimi ndiye kamera. Mdoli wangu nimemfanya asionekane. Naruka naye popote, na kinachopita kwenye skrini yangu ndicho kinachorekodiwa. Sauti tunazipachika baadaye.

Nasra ni Maluwa. Sharifa ni watu wengine wote: dereva, mwenyekiti wa kijiji, watoto, na pia mto. (Mto ni kutoa tofali moja la jiwe, maji yanashuka. Leo kalitoa mapema, dereva kasombwa pamoja na lori lake. Kasema, "Oya Filo, si ulisema mvua kubwa!")

Hadithi ni ya kweli. Bibi Maluwa alikuwa dada mkubwa wa Bibi mzaa mama. Alifariki Novemba iliyopita, huko kijijini, Matombo. Alipokuwa msichana, lori lililoleta vitu vya shule lilikwama kwenye tope ng'ambo ya mto. Wanaume wakasema tusubiri jua. Yeye akajitwisha ubao wa darasa kichwani, peke yake, akavuka. Mvua ikamkuta njiani. Watoto waliokuwa wanatoka shamba wakaingia chini ya ubao kujikinga – mmoja, wawili, saba – mpaka akafika kijijini na darasa zima chini ya ubao. Mwalimu akamwuliza anataka nini. Akasema: niandikie jina langu nilione. Hakuwahi kusoma. Mwalimu akaandika MALUWA. Filamu inaishia hapo, na kila nikiifikiria nasisimka mikono.

Juu ya kichwa cha kila mdoli mchezo unaandika jina kwa herufi nyeupe. Kwa hiyo nimeweka sheria: tukiwa tunarekodi, kila mtu anaitwa kwa jina lililo juu ya kichwa. Bila hivyo tunachanganyana. Atakayeitika kwa jina lake la nyumbani anafagia maabara. Nasra kafagia leo. Mara mbili!

Mwalimu Godlisten amesema onyesho la filamu za wanafunzi litakuwa mjini, na mwisho wa kupeleka kazi ni Ijumaa tarehe 22 Agosti. Siku zipo. Siku hazipo.


Alhamisi, 17 Julai 2025

Tatizo la shikamoo.

Midoli haina vidole, haipeani mikono, mdomo haufunguki. Kuongea tumeshapata njia – unasukuma kipanya juu na chini, mdoli anatikisa kichwa, ukipachika sauti inaonekana anasema. Lakini watoto saba wanamkuta mwanamke njiani, wataachaje kumwamkia? Waende tu kama mbuzi? Nimekaa nusu saa nabonyeza kila kitufe. Sharifa kachoka, kasema Waluguru wa kwenye kompyuta hawana adabu, tuendelee.

Kumbe jibu lilikuwepo! Kitufe cha kuchuchumaa, kile cha kujificha adui asikuone. Ukikibonyeza kidogo na kukiachia, mdoli anapiga goti kidogo tu. Shikamoo kabisa!

Tumerudia mara kumi na nne. Sharifa: "Shikamoo Maluwa." Nasra: "Marahaba. Ingieni." Nasra ana sauti nzito kuliko umri wake, na anaisema hiyo "ingieni" kama mtu mwenye nyumba kubwa. Hakujifunza popote. Bibi Maluwa alikuwa anaongea hivyo hivyo.


Jumatano, 23 Julai 2025

Mchezo una mzee mmoja tu, mchawi mwenye ndevu. Nimemnyoa. Nimemvisha kanga niliyoichora mwenyewe nukta kwa nukta, nyekundu na nyeusi, pindo lipo ila maneno ya kanga hayakuenea. Sasa ni mama wa Maluwa. Akigeuka ghafla bado anaonekana mchawi.

Mama ameiona kanga kwenye daftari langu akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia filamu ya shule, ya Bibi Maluwa na ubao. Kafurahi. Halafu akawa anakoroga mboga ambayo ilikuwa tayari imeiva. Kasema tu, "Kikao ni Novemba." Nilijua anachosema.

Nitaliandika hapa, hakuna anayesoma hapa. Maluwa si jina la mtu mmoja. Kabla ya Bibi Maluwa alikuwepo Maluwa mwingine, na kabla yake mwingine. Mwenye jina akifa, ukoo wa upande wa mama unakaa, unamchagua binti wa kulirithi, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye Maluwa. Hata Bibi yangu atamwita dada! Hata kama ni mtoto! Mabinti tuko wanne.

Mimi sijui Kiluguru. Matombo wananiita mgeni. Kwa Baba, Singida, nimefika mara moja. Darasani wakiulizana kwenu wapi, mimi nasema Kihonda, mtaani kwetu, wanacheka – Kihonda ni kwa kila mtu. Kwa hiyo nalitaka. Nimeshaandika, basi. Sijaifanya filamu kwa ajili hiyo. Au nimeifanya kidogo kwa ajili hiyo.


Ijumaa, 1 Agosti 2025

Shule nzima sasa inamwita Nasra Maluwa.

Imeanzia kwetu, ikaenda bwenini, ikaenda kwenye foleni ya uji. Leo mwalimu wa zamu kasoma majina ya waliochelewa akasema, "Na huyu Maluwa wenu." Nasra kajibu "Abee mwalimu" bila hata kufikiri. Wote wakacheka. Mimi nimecheka pia. Nilicheka sana kuliko ilivyotakiwa.

Sheria ilikuwa ya maabara tu. Nilisema wazi. Nadhani nilisema wazi.

Tumemaliza kipande cha mto. Kizuri. Nasra anaongoza mdoli kwa namna ya ajabu, hakimbii. Watu wote wakipewa mdoli wanakimbia na kurukaruka. Yeye anatembea, anasimama, anapima maji kwa mguu, anarudi hatua moja. Nilisahau kwamba ni maboksi.


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nane Nane. Hakuna shule. Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio.

Bibi amekuja juzi kutoka Matombo kwa ajili ya kliniki ya macho. Yuko kwetu wiki mbili. Leo asubuhi alikuwa uani kwenye mkeka, anamenya ndizi. Nasra na Sharifa walikuja kurekodi sauti kwa laptopu ya Mama, maana watu wote wameenda kwenye maonyesho na mtaa umetulia. Nasra alitangulia ndani kunawa mikono. Sharifa alibaki getini anahangaika na waya wa maiki uliojifunga. Akapiga kelele – nasikia bado – "Maluwa! We Maluwa, njoo unishikie!"

Na Nasra, kutoka ndani, "Abee!" Akatoka mbio, maji yanadondoka mikononi.

Kisu cha Bibi kikasimama.

Akaweka ndizi chini. Akasimama, taratibu, anashika ukuta. Nikadhani anataka chooni nikasogea nimshike. Hakunitazama. Akamwendea Nasra, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akapiga goti kidogo. Bibi yangu! Mwenye miaka sabini na mbili! Akasema:

"Shikamoo, dada."

Na Nasra – simlaumu, tumerudia mara kumi na nne siku ile na mara nyingine ngapi sijui – Nasra akajibu kwa ile sauti:

"Marahaba. Ingieni."

Sharifa akapasuka kwa kicheko. Halafu akaona hakuna mwenzake anayecheka. Bibi alikuwa ameushika mkono wa Nasra kwa mikono yake yote miwili, anasema kwa Kiluguru, maneno mengi, ya taratibu. Sikuelewa hata moja. Nasra hakuelewa hata moja. Mama alikuwa mlangoni na yeye alielewa yote, na uso wake sijawahi kuuona hivyo.

Hatukurekodi.


Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mama amenieleza. Jina la aliyekufa, kasema, ni kama kiti kilichoachwa wazi. Hakiguswi mpaka kikao. Hakuna kumwita mtu, hakuna mtu kuitika. Akiitwa mtu akaitika, na mkubwa akamwamkia, na yeye akapokea – kiti kina mtu.

Nikasema lakini Bibi haoni vizuri, hakujua ni Nasra. Mama kasema Bibi anaona vizuri zaidi ya hivyo.

Nikasema lakini Nasra si wa ukoo wetu! Si hata wa mkoa huu, kwao Handeni, yuko hapa kwa shangazi yake tu. Mama akachukua simu. Akampigia Mjomba Tomasi, kaka yake, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kwa mambo ya ukoo. Akaweka simu kwenye spika.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: huyo binti kabila gani?

Mama: "Mzigua."

Kisha Mjomba akacheka mpaka simu ikakoroma. Wazigua ni watani zetu. "Mzigua!" anasema. "Walianza na kuku zetu tukanyamaza! Sasa wamefika kwenye majina! Joyce, umefunga mlango? Angalia kama vyungu vipo!" Kasema mtani akichukua kitu chako hupaswi kukasirika, unacheka, ndiyo sheria.

Nikapumua. Nikadhani imeisha, ni utani.

Halafu akaacha kucheka. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nakuja Jumapili ijayo. Na huyo binti awepo, na mkubwa wake."


Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimefika maabara mapema nikabadilisha jina juu ya mdoli. Nimeandika MWANAMKE.

Tumejaribu kurudia kipande cha ubao. "Shikamoo mwanamke"? Haiwezekani. Sharifa kajaribu "Shikamoo mama", nayo haikufaa, ni msichana yule. Na mwisho mwalimu aandike nini ubaoni? Aandike MWANAMKE?

Mwalimu Godlisten kaja kutazama. Nikamweleza nusu tu. Kasema hilo dogo, kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuficha majina yote, "kwenye kompyuta jina unafuta tu, binti yangu." Kabonyeza. Majina yakaondoka vichwani. Yakabaki maboksi tu yamesimama kwenye mvua.

Leo mdoli wa Nasra alikimbia.


Jumanne, 12 Agosti 2025

Sikwenda maabara. Nilisema kichwa. Bibi kanichemshia mchaichai. Kaniuliza "yule dada" atakuja lini tena.


Jumatano, 13 Agosti 2025

Tumegombana. Nyuma ya maabara, kwenye tangi la maji.

Nimemwambia Nasra akija Jumapili aseme hakujua, aseme alikuwa anaigiza, aombe radhi, iishe. Kasema hakujua, ndiyo. Alikuwa anaigiza, ndiyo. Lakini aombe radhi ya nini? "Si wewe uliyeweka sheria? Nilifagia, Filo. Nilifagia mpaka nikazoea."

Nikasema wewe una kwenu, una kabila lako, una mama yako Handeni. Unataka na cha kwetu?

Akasema: kwao wako wasichana watano. Mama yake akitaka kumwita anapitia majina ya wote wanne, Zuhura, sijui Mwanahamisi, sijui nani, ndipo anamfikia yeye, na mara nyingine anachoka kabla hajafika, anasema "wewe". "Hili nimeitwa mimi tu. Yule bibi amenishika mkono, Filo. Sijaelewa alichosema. Lakini hakunikosea."

Nikasema alikukosea! Hukuwa wewe!

Akaniuliza, "Kwani ulikuwa unalitaka?"

Nikasema silitaki.

"Sasa unalia nini?"

Nikamwambia vumbi la chaki. Maabara ya kompyuta haina chaki.


Alhamisi, 14 Agosti 2025

Bibi kataka kuiona hiyo sinema. Nimemwambia haijakamilika, vipande havijakatwa. Kasema na yeye macho yake hayajakamilika, tutaelewana.

Nimemwekea laptopu kwenye stuli, kasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Alicheka sana kwa mama wa Maluwa. "Huyu ni mchawi. Mama yetu hakuwa na mabega hayo." Aliponiona nimenuna akasema kanga lakini nzuri. Mdoli alipopima maji kwa mguu akarudi hatua moja, Bibi akasema kwa sauti, kwa mdoli, siyo kwangu, "Usiogope, ni pale kwenye jiwe." Na mdoli akaenda pale kwenye jiwe! Kwa sababu tulirekodi hivyo. Lakini Bibi akageuka kunitazama, kana kwamba ameomba na kusikilizwa.

Hivi vipande havijakatwa kwa hiyo sauti zetu zote zimo. Yangu ndiyo nyingi kuliko zote. Maluwa sogea kushoto. Maluwa simama. Maluwa, tena, polepole. Maluwa safi sana!

Bibi akauliza, "Na anayemwita ni nani?"

Nikasema ni mimi, Bibi.

"Na wewe uko wapi humu, mbona sikuoni?"

Nikamweleza kwamba mimi ndiye kamera, na kamera haionekani, haina mwili wala jina juu ya kichwa. Kafikiri. Sikujua kama ameelewa. Kisha akaniuliza nilianza lini kumwita hivyo. Nikasema tarehe kumi na tano Julai. Akahesabu kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepata jumla aliyoitarajia.

Nilitaka kumwuliza. Swali lilikuwa mdomoni kabisa: Bibi, mngenipa mimi? Nikamwuliza kama anataka chai.


Jumamosi, 16 Agosti 2025

Mama anapiga deki chumba ambacho jana alikipiga deki. Baba kaaga kwamba ana zamu kesho kiwandani, Mzinga, lakini nadhani anakimbia. Mambo ya wakweze huwa anayaheshimu akiwa mbali.

Nimeyarudisha majina juu ya vichwa. Sijui kwa nini. Niliwasha tu ile sehemu kwenye mipangilio nikaangalia. Halafu nikazima. Halafu nikawasha. Faili lenye mwisho wa filamu bado halijarekodiwa: ubao, mwalimu, herufi sita. Zimebaki siku sita. Bila neno la kesho siwezi kulirekodi, na nikikosa kulirekodi hakuna filamu, ni mwanamke tu anabeba kitu kwenye mvua.

Nimejaribu kusoma Baiolojia. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne. Moyo una vyumba vinne.


Jumapili, 17 Agosti 2025

Naandika haraka. Niko chumbani. Wote wako sebuleni na wananisubiri mimi.

Mjomba kafika saa nne kwa pikipiki, kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na mkungu wa ndizi nyuma. Nasra kaja na shangazi yake saa tano. Mjomba alipowaona tu getini: "Joyce! Ficheni masufuria, Wazigua hao!" Shangazi yake Nasra naye hakukosea, kasema masufuria yenu yametoboka, tumekuja kuchukua watu. Wakacheka wote, wakapeana mikono, nikaona kumbe itakuwa nyepesi. Mjomba akamgeukia Nasra: "Na wewe mwizi, jina letu umelitolea wapi?"

Nasra kaamkia kwanza, vizuri, kwa goti. Kisha akasema, "Mjomba, nililikuta nje, hamkulifungia. Nikasema lisinyeshewe."

Mjomba kalipiga goti lake kwa kiganja. Kafurahi! Bibi kafurahi. Hata Mama. Mimi nikatabasamu meno tu.

Halafu Nasra akaambiwa akapumzike uani. Na vicheko vikaisha kama umeme umekatika.

Tukakaa. Mimi mara yangu ya kwanza kukaa na wakubwa. Mjomba akasema kuna mambo mawili. Moja: binti si wa damu yetu, na jina hili halijawahi kutoka nje. Pili: limeitwa mwezi mzima, limeitikiwa mwezi mzima, na mdogo wa marehemu amekwisha amkia na kuitikiwa. Bibi akasema hakukosea. Kasema macho yake yanakosea nyuso, hayajakosea mwendo. Mama akasema polepole, bila kunitazama, kwamba mabinti wa ukoo wapo, na mmoja wao amekuwa akilisubiri. Nikahisi masikio yanawaka. Alijua! Mama alijua muda wote.

Mjomba akanitazama muda mrefu. Akaniuliza, wewe ndiye uliyeanza kumwita? Nikasema ndiyo Mjomba. Hukutumwa na mtu? Hapana Mjomba. Ulimwita kwa utani au kwa kazi?

Nikafikiri. Sikutaka kudanganya. Nikasema kwa kazi.

"Haya," kasema. "Mimi sitalitoa, na sitalirudisha. Aliyempa mtu kitu ndiye anayeweza kumwambia nirudishie. Nenda kamwite mwenzako aje tule."

Nikasimama. Nikauliza, nimwiteje?

Bibi alikuwa anaangalia mikono yake. Mama alikuwa anaangalia pazia. Mjomba akasema tu, "Mwite kwa sauti. Mlango tumeuacha wazi."

Nikasema nachukua mtandio kwanza. Ndiyo maana niko humu.

Nikimwita Nasra, atakuja Nasra, na Novemba kikao kitakaa, na mimi ni mmoja kati ya wanne, na labda. Labda! Na filamu nitaandika nini ubaoni, nitaona. Nikimwita kwa lile jingine, limekwenda, na nitamwita hivyo mpaka tuzeeke, na watoto wangu watamwamkia.

Dirisha langu linaangalia uani. Yupo pale, kwenye ndoo iliyopinduliwa chini juu. Ushungi wake leo ameupiga pasi. Nasra hapigi pasi, hata siku ya mtihani. Ameweka mikono magotini na anauangalia mlango. Hageuki, hachezi na simu. Kuku wanapita miguuni mwake na hata hawafukuzi.

Nimejaribu hapa, kwa sauti ya chini kabisa, nione ulimi utakwenda wapi. Mara tatu. Mara zote tatu limekuja jina moja, la herufi sita, na halikuwa lile nililolikusudia.

Mama anagonga. Nimesema nakuja. Chakula kinapoa, anasema, Filo, mwite